Kamera Ipande Juu, Lawama Zishuke

Muhula uliopita timu yetu ya soka ya wanawake ilifungwa 1-0 kwenye nusu fainali ya ligi ya vitivo. Wengi wenu hamkuwepo uwanjani, lakini bao mliliona. Ilikuwa klipu ya sekunde 11 tu: mpira unaingia kwenye boksi letu, beki wetu wa kushoto anageuka, anateleza, anakaa chini, mshambuliaji anapita na kufunga. Kabla ya chakula cha usiku klipu ilikuwa imeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp hapa chuoni, na kuna mtu alikuwa ameshaiwekea singeli. Kesho yake asubuhi, kwenye foleni ya chapati, jamaa mmoja akamwambia yule dada, "Tembea taratibu, usije ukateleza." Watu wakacheka. Na yeye akacheka.

Yule dada yuko mwaka wa kwanza. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini. Wiki iliyofuata tena hakuja.

Klipu ile niliirekodi mimi.

Nilikuwa benchi kwa sababu ya goti, kocha akaniambia, "Ticha, wewe umekaa bure, tuchukulie mechi." Nikaenda kusimama nyuma ya goli letu kwa sababu hapo ndipo penye kivuli cha mwembe. Simu nikaishika wima kama mtu anayepiga ya status. Kila mpira ulipokaribia nikawa nazumu. Jioni nikatuma kwenye grupu la timu, nikaona nimefanya kazi nzuri. Nani aliitoa kwenye grupu sijui mpaka leo, na sitafuti kujua, maana kosa la kwanza lilikuwa langu.

Siku nne baadaye mwanafunzi mwenzangu wa darasani akaniambia, "Mbona na mimi ninayo ile mechi?" Siku ile alikuwa amesimama kwenye baraza ya ghorofa la madarasa lililo pembeni mwa uwanja, anamrekodia mdogo wake aliye nyumbani aone chuo kinavyokuwa siku ya mechi. Video ya sekunde 40 hivi, na kwa bahati ndani yake lipo lile bao, lote, tangu linapoanzia.

Nikaiangalia mara tatu. Kiungo wetu anapiga pasi ya nyuma, inaibiwa. Wakati huo beki wa kulia yuko mbele, alipanda kushambulia na hajarudi. Kiungo mkabaji anarudi kwa kutembea. Wapinzani wawili wanakuja mbio, na upande wetu amebaki mtu mmoja. Ndiye huyo beki wa kushoto. Ametoka upande wake, amekata uwanja mpaka katikati kuziba shimo ambalo si lake, amemzuia wa kwanza asipige, amegeukia wa pili, ndipo anateleza. Yaani katika watu 11 yeye ndiye tuliyepata wa kumlaumu, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwepo.

Tukio moja, simu mbili, hukumu mbili. Na tofauti haikuwa ubora wa simu. Ile ya ghorofani ni ya bei rahisi kuliko yangu. Tofauti ilikuwa mahali simu ilipokuwa. Ndiyo maana ninaandika haya. Ninasema kamera ya mechi zetu iwekwe juu, usawa wa mstari wa katikati ya uwanja, ichukue kwa upana kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na video yake iwe ya timu, si ya magrupu. Serikali ya wanafunzi inaweza kulifanya hili muhula huu huu, bila kugusa bumu la mtu.

Najua swali la kwanza: kocha si anaona? Anaona, lakini hakumbuki. Wala si yeye tu. Mwaka 1986 watafiti Ian Franks na Gary Miller walichapisha utafiti ambao makocha waliangalia kipindi kimoja cha mechi ya kimataifa, kisha wakaulizwa maswali juu ya mambo muhimu yaliyotokea. Walichokumbuka kwa usahihi hakikufika nusu. Hao ni watu waliokuwa wanaangalia kwa makini na wanajua mpira. Sasa fikiria kocha wetu, ambaye wakati huohuo anapiga kelele, anahesabu wa kubadilisha, na anamjibu refa. Baada ya mechi kinachobaki kichwani ni bao, kadi na ile nafasi tuliyokosa. Mengine yote yanajazwa na hasira.

Tatizo hili ni la zamani. Tarehe 18 Machi 1950, huko Uingereza, mhasibu wa jeshi la anga aitwaye Charles Reep alikuwa anaangalia mechi ya Swindon Town na Bristol Rovers. Alichoka na jinsi mashambulizi yalivyokuwa yanapotea bure, akatoa penseli na daftari, akaanza kuandika kila shambulizi. Aliendelea na kazi hiyo miaka mingi. Hitimisho lake juu ya pasi chache lilikuja kupingwa sana na waliomfuata, lakini wazo la msingi lilibaki: usiamini kumbukumbu peke yake. Yeye alikuwa na penseli. Sisi tuna simu mfukoni, tunaitumia kurekodi mtu akianguka.

Basi tuongee namna ya kuiweka. Mimi nasomea ualimu wa hisabati, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Kwa nini juu? Chukua mchezaji wa kimo cha mita 1.7 aliyesimama mita 30 kutoka kwenye kamera. Kamera ikiwa kimo hichohicho cha mita 1.7, mchezaji huyo anaficha sehemu yote ya uwanja iliyo nyuma yake, mpaka mwisho. Hiyo ndiyo picha tunayoipata tukisimama pembeni: watu wamepangana kama mihogo kwenye fungu, hujui nani yuko karibu na nani. Sasa pandisha kamera. Hizi ni pembetatu zinazofanana, zile tunazozifundisha sekondari: zidisha umbali kwa kimo cha mchezaji, gawanya kwa tofauti kati ya kimo cha kamera na cha mchezaji. Kamera ikiwa mita 5 juu, yaani baraza ya ghorofa ya kwanza, mchezaji yule anaficha kama mita 15 nyuma yake. Ikiwa mita 8, yaani ghorofa ya pili, anaficha mita 8 tu. Kila mita unayopanda inakurudishia uwanja. Hapo ndipo unaanza kuona nafasi kati ya mtu na mtu, na mpira wa miguu sehemu kubwa ni nafasi.

Kwa nini katikati? Uwanja wa kiwango cha kimataifa una mita 105 kwa 68. Ukikaa nyuma ya goli, lile goli la upande wa pili liko mbali mno na umbali kati ya safu na safu unapotea. Mabeki na viungo wanaonekana wamebebana. Ukikaa usawa wa katikati, umbali huo ndio unaouona vizuri zaidi. Halafu unawatendea haki wote, washambuliaji na mabeki.

Upande upi? Mechi zetu zinaanza saa 10 jioni, jua liko magharibi. Kamera ikae upande wa magharibi ikitazama mashariki, jua liwe mgongoni. Ukikosea upande utapata vivuli vyeusi vinakimbia, na jezi hutazijua. Bahati nzuri ghorofa lile la madarasa liko upande huo wa magharibi. Ni kama lilijengwa kwa ajili yetu.

Simu yenyewe: ilaze, usiishike wima. Iwekwe kwenye stendi ya miguu mitatu, na kama kuna upepo ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya stendi isitikisike. Ubora wa 1080 unatosha. Bonyeza skrini na kushikilia mpaka mwanga na fokasi vijifunge, la sivyo kila wingu likipita picha inabadilika rangi. Washa hali ya ndege, maana mama akipiga dakika ya 30 kurekodi kunaweza kukatika, na mama huwezi kumlaumu. Safisha nafasi kabla: kwenye simu niliyotumia, kipindi kimoja cha dakika 45 kilikula karibu gigabaiti 6. Pawabenki iwe karibu.

Halafu jambo gumu kuliko yote: mkono utulie. Usizumu. Zungusha kamera taratibu kufuata mchezo, si kufuata mpira peke yake. Mimi kanuni yangu sasa ni hii: ndani ya picha lazima kuwe na mpira pamoja na beki wa mwisho wa timu inayoshambuliwa. Mchezaji akifanya chenga tamu utatamani kumvuta karibu. Jizuie. Anayetaka chenga aje uwanjani. Lenzi pana, ile ya 0.5, inachukua uwanja mkubwa zaidi, lakini walio mbali wanakuwa kama sisimizi, kwa hiyo jaribuni kabla ya mechi wakati timu zinapasha misuli. Netiboli ni rahisi zaidi: uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25, ukipata sehemu ya juu kwenye kona wote unaingia, unaweka simu na kuiacha.

Pembeni ya kamera akae mtu mwenye daftari. Asiandike hadithi, aandike dakika na neno moja: "23, tumepoteza katikati." "37, kona, mtu huru." Baadaye hakuna mwenye muda wa kuangalia dakika 90 nzima wakati ana mtihani. Utaenda kwenye dakika zile tu. Ukiwa na kompyuta, programu ya Kinovea ni ya bure. Inakuruhusu kupunguza kasi ya video na kuchora mistari juu ya picha.

Lakini kamera kukaa vizuri ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni nani anaangalia, kwanza nani, na kwa maneno gani. Hapa sisi wa kitivo cha elimu tuna la kusema.

Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Dwight Allen na wenzake walianzisha njia ya kuwaandaa walimu ambayo sisi tunaiita ufundishaji mdogo. Mwalimu mwanafunzi anafundisha somo fupi la dakika chache kwa wanafunzi wachache, anarekodiwa, anajiangalia, anazungumza na msimamizi wake, kisha anafundisha tena. Na sisi tulifanya hivyo kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Nilipojiona kwenye skrini nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nawauliza "Tumeelewana?" na kabla mtu hajafungua mdomo nimeshageukia ubao. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na wala mimi nisingekubali bila kuona. Nyani haoni kundule.

Ila kilichonisaidia si video peke yake. Mwalimu wetu alinionyesha mimi kwanza, tukiwa wawili. Hakuanza kwa kusema kosa. Aliniuliza, "Wewe umeona nini?" Nikasema mwenyewe. Kisha tukachagua jambo moja la kurekebisha, moja tu, nikafundisha tena. Hebu fikiria angeirusha kwenye grupu la darasa na kuweka singeli. Nisingesimama mbele ya watu tena, na leo ningekuwa natafuta kozi nyingine.

Kwa hiyo nimejiuliza: kwa nini darasani tunajua kurekodi ili mtu akue, lakini tukifika uwanjani tunarekodi ili mtu aumbuke? Kamera ni ileile. Watu ni walewale.

Tumeshajaribu, si maneno tu. Mechi yetu ya kirafiki ya kwanza muhula huu nilibeba stendi nikaenda kwenye lile ghorofa. Mlinzi yuko mlangoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Una barua?"

Sina barua. Mzee hana kosa, kaambiwa wikendi mtu asipande. Nikaenda kuomba kwenye ofisi inayohusika, nikaambiwa niache maombi, nirudi. Nilirudi mara tatu. Wiki mbili zikapita, mechi ikapita. Tukarekodi tukiwa tumesimama juu ya meza ya mama wa juisi, na video ikawa ya kuangalia migongo. Mechi ya pili mwalimu mmoja wa kitivo akatusindikiza kwa mlinzi, tukapanda ghorofa ya pili.

Jumatatu tukakaa na kocha, klipu tatu tu. Ya kwanza: tunashambulia, na kati ya mabeki wetu na viungo pana nafasi daladala inaweza kupita na kugeuza. Kocha akanyamaza. Akasema, "Rudisha." Klipu ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Hakuna aliyetaja jina la mtu, maana halikuwa kosa la mtu. Tangu siku hiyo beki wa kulia akipanda, kiungo mkabaji anashuka. Tunalifanyia mazoezi kila Jumatano. Sisemi tumekuwa mabingwa. Nasema tumeacha kugombana kwenye njia ya kurudi hosteli, na mnaotujua mnajua hilo si dogo.

Wapo wanaosema mpira wa chuo ni raha, tusiufanye kazi ya ofisini. Nakubali ni raha. Ila raha yangu mimi ninayecheka isiwe ya gharama ya mwenzangu aliyeacha kucheza. Wengine wanasema tununue droni. Droni ina vibali vyake, ina bei yake, na betri za nyingi ya hizo hazimalizi hata kipindi cha kwanza. Ghorofa lipo tayari na halihitaji chaji.

Ninachoomba kwa waziri wa michezo wa serikali yetu ya wanafunzi ni vitu vitatu.

Kwanza, barua moja. Barua ya kudumu inayosema siku za mechi za ligi watu wawili kutoka kila timu wanaruhusiwa kupanda baraza ya ghorofa ya pili, na nakala yake ikae kwa walinzi. Mimi peke yangu nilirudi mara tatu nikashindwa. Ofisi yako ikiomba naamini itasikilizwa.

Pili, stendi moja ya miguu mitatu na memori kadi moja vitunzwe kwenye ofisi ya michezo, timu ziazime kwa kusaini. Timu za vitivo vidogo zisikose kwa sababu hakuna mwenye simu nzuri ya kujitolea.

Tatu, utaratibu wa maandishi. Video nzima ipewe timu zote mbili zilizocheza, ili asiwepo anayesema amefanyiwa hila. Klipu ya kosa la mtu isitoke nje ya timu bila ridhaa yake. Na mwenye klipu aione yeye kwanza kabla ya wenzake. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Si vibaya na sisi wasomi tukaanza kuzoea kuuliza kabla ya kumrusha mtu. Wanaopenda magoli mazuri kwenye kurasa zao wasiogope. Magoli yatapatikana tu, na kutoka juu yanapendeza zaidi, kwa sababu unaiona na pasi iliyoyazaa.

Kuhusu yule dada. Nilimtafuta. Ilinichukua muda kwa sababu nilikuwa naona aibu. Nikamkuta kwenye ngazi za maktaba, nikamwomba radhi, nikamwambia klipu ya sekunde 11 niliirekodi mimi. Akasema, "Najua dada, grupu si lilionyesha namba yako." Muda wote huo alikuwa anajua.

Nikampa simu aangalie ile ya ghorofani. Akaiangalia mpaka mwisho, akairudisha mwanzo, akaiangalia tena. Akaniuliza, "Kumbe nilikuwa peke yangu?"

Nikamwambia ndiyo.

Hajarudi kwenye timu. Anasema ana mitihani, huenda ni kweli. Ligi inaanza tena mwezi ujao. Ningependa siku atakayoamua kurudi, kwenye ile baraza juu awe amesimama mtu mwenye kamera na barua mkononi.